Gharama ya Kulikokota Gari Dogo

Jumapili, mwezi wa kumi, saa kumi alasiri. Baridi ya kuvaa sweta moja, si mbili. Jua lipo, na upepo unaangusha majani juu ya paa moja moja, kama mtu anayebisha hodi bila haraka.

Naandika nikiwa kwenye meza ndogo ya gari-nyumba letu, milimani magharibi mwa Maryland, mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani Beltsville. Kwa anayefika ukurasa huu mara ya kwanza: gari-nyumba ni gari kubwa mfano wa basi dogo, lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Dereva ni mume wangu, Baba Mwende. Mimi ni muuguzi, nina miaka hamsini na tisa, na mpaka juzi sikupenda safari za namna hii. Nyuma yetu leo tumekokota gari dogo, magurudumu yake yote manne yakibingiria barabarani, na ndani yake hamna mtu.

Limefika. Hakuna aliyeumia.

Nina furaha. Nalisema hilo mapema, kabla sijafika kwenye sehemu ngumu.

Wiki iliyopita mwenzangu kazini aliniuliza imetugharimu kiasi gani kulitayarisha gari dogo likokotwe. Nikamtajia bei ya fundi. Sikumdanganya, ila sikumwambia yote. Yote nitayaandika hapa. Baba Mwende ameniruhusu. Amesema tu nisimfanye aonekane mzee.

Baba Mwende aliendesha basi la abiria kwa miaka ishirini na miwili, njia ile ile, vituo vile vile, kwenda Rockville na kurudi. Alipostaafu akasema anataka kuendesha gari kubwa ambalo nyuma yake hakuna mtu wa kuvuta kamba ya kengele. Akanunua gari-nyumba kwa bibi mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alilitunza kama yai. Mimi niliitikia kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza, mtu aliyekulia nyumba ya udongo kule Machakos, akahangaika ughaibuni hadi akapata nyumba ya vyumba vitatu, anatafuta nini tena kwenye kitanda chenye magurudumu?

Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwaka jana. Tuliegesha kambini, tukaunganisha umeme na maji, tukateremsha vyuma vya kulisawazisha gari, tukachoma nyama. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Baba Mwende akaanza kutapika. Ana kisukari, sindano yake ni moja kwa siku, na ya siku ile ilikuwa bado. Nikafungua friji nimpe insulini yake. Haikuwemo. Nikapekua mabegi, nikapekua hadi chini ya kitanda. Haikuwemo.

Nilipima sukari yake na nikaogopa namba niliyoiona. Simu haikuwa na mtandao. Mji wa karibu ulikuwa mbali, yeye hawezi kusimama, na gari pekee tulilokuwa nalo ni lile kubwa, limefungwa mabomba na nyaya, nami sijawahi hata kukaa kiti chake cha dereva. Nimeuguza watu kwa miaka ishirini na sita. Siku ile nilikimbia kambini na ndala miguuni nikigonga milango ya magari ya watu.

Mwanamke mmoja mwenye mbwa mkubwa alitupeleka katika gari lake hadi hospitali ndogo ya mjini. Alituuliza mara moja tu tunakwenda wapi, kisha akaendesha. Wakamtundikia maji, wakampa dawa, na kufikia jioni akaanza kutania wauguzi. Nikajua amepona.

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono akaniomba msamaha. Alisema, ni dawa yangu mwenyewe, nawezaje kuisahau. Nikamwambia yaishe.

Tulipofika nyumbani nikaingia jikoni kwanza. Kile kifuko cha bluu cha insulini kilikuwa juu ya meza, kando ya ubao wa kukatia nyama.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yeye alikuwa ameshakipakia. Niliyekitoa ni mimi, asubuhi ya kuondoka, nipate nafasi ya nyama kwenye sanduku la barafu. Nilisema moyoni nitakirudisha pembeni nikimaliza kupanga. Sikukirudisha.

Nikakichukua, nikakitupa kwenye debe la takataka, nikaweka magazeti juu yake. Baba Mwende alikuwa bado nje anashusha mizigo.

Sikumwambia. Nilimwacha aamini kwamba aliyesahau ni yeye. Tena nikaongeza: nikamwambia sitalala tena ndani ya sanduku lile, limekaribia kuniulia mume. Gari halina mdomo wa kujitetea.

Hakubishana. Akaenda kuliegesha kwenye ua wa muumini mwenzetu. Kila Jumamosi alikuwa akienda kuliwasha injini, anakaa ndani kidogo, anarudi. Mwezi baada ya mwezi. Akaacha kutazama ramani zake. Nikifua suruali zake nilikuwa naokota vijikaratasi mifukoni: "dawa", "ufunguo", "zima jiko". Nikadhani amekuwa mwangalifu, nikafurahi. Binti yetu Mwende, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alinipigia simu mwezi wa tano akaniambia baba yake amepungua. Hakuwa na maana ya kilo.

Nilijua aliyempunguza ni nani. Lakini badala ya kusema, nikaanza kutafuta namna ya kulipa bila kusema.

Basi siku yangu ya mapumziko nikaenda Springfield, kwa fundi anayefunga magari ya kukokotwa. Ni Mkongomani wa Bukavu, watu wote wanamwita Papa Bahati. Nilitaka gari langu lifungwe nyuma ya gari-nyumba, ili tukifika kambini tuwe na gari la kutembelea, na mtu akiugua nimpeleke mwenyewe.

Gari langu. Naomba nilieleze kidogo. Lilikuwa jekundu iliyokoza, la kwanza maishani mwangu kununua likiwa jipya, baada ya miaka ishirini ya magari yaliyochoshwa na wengine. Nililifanyia zamu za ziada miaka minne. Kanisani nilikuwa naliegesha karibu na mlango hata nikiwahi na nafasi ziko tele kila mahali. Mungu anisamehe, nilitaka lionekane.

Papa Bahati aliingia chini yake na tochi. Alipotoka alikuwa akijifuta mikono polepole, kama daktari mwenye habari asizozipenda.

"Mama, nakuambia kweli," akasema. "Hii motokari iko muzuri sana, lakini ya kukokotwa hapana. Boîte yake inapata mafuta injini ikiwaka tu. Ukiikokota injini imezima, itaungua. Hata unipe feza mingi, siwezi kuifunga."

Boîte ni giaboksi. Nikamuuliza kuhusu kile kitoroli kinachoinua magurudumu ya mbele. Akasema langu linasukumwa na magurudumu yote manne, kitoroli hakitasaidia. Na trela la kulibeba zima? Uzito wake na wa gari ukijumlishwa unaishinda ndoano ya kuvutia ya gari-nyumba letu. Kila mlango niliobisha aliufunga kwa upole.

Nikamuuliza basi ni gari gani linaloweza. Akacheka. "Ndogo. Ya zamani. Ya vitesse ya mkono. Unaweka gia huru, inakufuata kama mbuzi."

Vitesse ni gia. Zipo za otomatiki zinazokubali, akasema, lakini akanitajia bei nikamshukuru. Kisha akaniandikia hesabu ya kulifunga hilo dogo: bamba la chuma la kufungwa mbele kwenye fremu, mtaimbo wa kuvutia, nyaya za usalama, taa za nyuma ziwake pamoja na za gari kubwa, na breki ya ziada itakayolisimamisha gari dogo pale kubwa linaposimama. Pamoja na kazi yake, dola elfu nne na mia tatu. Gari dogo lenyewe, nilipokuja kulipata kwa mwalimu mmoja wa Rockville, lilikuwa chini ya hapo. Nguo zikawa ghali kuliko anayezivaa.

Na mimi gari la gia za mkono sikulijua. Nilijifunza kuendesha hukuhuku Maryland, nikiwa na miaka thelathini na minne, gari la kukanyaga na kwenda.

Nilimweleza Baba Mwende mezani, tukila. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hapana, gari lile nimelivujia jasho, liache. Nikamwambia nimeshaamua, ninachotaka ni yeye anifundishe klachi. Akaweka kijiko chini. Ile nuru niliyokuwa sijaiona mwaka mzima ikamrudia usoni, na nikaona aibu kuitazama.

Siku ya kuliuza niliosha gari mwenyewe, nikayapaka matairi yake rangi. Kijana aliyelinunua aliondoka nalo bila kuangalia nyuma, kwa nini aangalie. Nililia kidogo. Haikuwa msiba, lakini nililia.

Usiku ule, kabla ya kula, Baba Mwende aliomba. Akamshukuru Mungu kwa mke aliyetoa kitu chake alichokipenda kwa ajili ya mume aliyesahau dawa yake mwenyewe.

Nikasema amina. Nikampakulia chakula.

Mafunzo yalikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa magari wa kanisa letu, ukiwa mtupu. Wiki ya kwanza gari lilinizimikia mara nyingi hadi mama mmoja wa kwaya, aliyekuja kupamba madhabahu, akatoka kuuliza kama tunahitaji kusukumwa. Wiki ya pili niliweza kuondoka lakini kwa kuruka. Baba Mwende hakunipigia kelele hata mara moja. Aliniambia siku zote, sikiliza injini, itakuambia.

Wiki ya tatu gari likazima tena, na nikapiga usukani kwa hasira kwa sababu nilisahau kushusha gia kabla ya kusimama.

"Usijichukie kwa kusahau," akaniambia. "Mimi nilisahau dawa, ikabaki kidogo nife. Na bado tuko hapa."

Alisema kwa wema kabisa. Ningeweza kuvumilia kila kitu isipokuwa ule wema.

"Baba Mwende," nikasema. "Dawa hukuisahau wewe."

Akanigeukia.

"Uliipakia. Niliitoa mimi, nipate nafasi ya nyama. Tuliporudi niliikuta mezani jikoni, nikaitupa, nikanyamaza."

Alitazama mbele, kwenye ukuta wa kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa swali la kwa nini. Lakini alichosema ni, "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Baba yake, miaka ya mwisho kule Machakos, alikuwa amepoteza kumbukumbu kiasi cha kumwita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa. Ilianza kwa kusahau vitu vidogo. Tangu siku ya hospitali, Baba Mwende aliamini ugonjwa huo umemfikia. Vile vijikaratasi vilikuwa vya kujipima: asubuhi anaandika, jioni anajiuliza kama anakumbuka kabla ya kuvitoa. Hakutaka kuniambia kwa sababu hakutaka niogope.

Mwaka mzima alikuwa ameketi na hofu hiyo chumba kimoja nami. Na dawa yake nilikuwa nayo mimi. Sentensi moja tu.

Akafungua mlango akashuka. Akalizunguka jengo la kanisa. Nikamwona akitokea upande wa pili, akalizunguka tena, mikono nyuma. Sikuthubutu kumfuata. Niliketi na lile gari lililozima, mikono yangu ikinuka plastiki ya usukani.

Aliporudi aliketi, akafunga mkanda.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakasirika mpaka Jumatano. Sasa kanyaga klachi."

Nikakanyaga.

Alikasirika mpaka Ijumaa. Hakunirushia maneno, ila alikuwa akijibu kwa neno moja na kunywa chai yake barazani peke yake. Nilimwacha. Nilijua siku hizo ni zake, na kwamba nimempa chache mno kulinganisha na nilizomnyang'anya. Ijumaa jioni nilipokwenda kutoa takataka nikakuta ndani ya debe rundo la vijikaratasi, vimekunjwa kimoja kimoja. Nilipoingia ndani alikuwa amekunjua ramani mezani na kuniuliza nataka mlima au mto.

Nikasema mlima.

Leo basi. Tuliondoka baada ya ibada ya kwanza. Kabla ya kung'oa nanga tulisimama nje tukipitia orodha aliyotufundisha Papa Bahati, mimi nikisoma, yeye akishika kila kitu kwa mkono. Gia huru? Huru. Breki ya mkono? Iko chini. Usukani haujajifunga? Unazunguka. Taa? Nikaenda nyuma kuziangalia: breki, kushoto, kulia. Zote. Nilihisi kama tuko chumba cha upasuaji, tunahesabu vifaa kabla ya kushona.

Njiani sikuacha kutazama kioo cha kamera ya nyuma. Lilikuwa linatufuata kwelikweli, kona kwa kona, bila malalamiko. Baba Mwende aliniambia nikiendelea hivyo shingo itakakamaa.

Tatizo tulilipata kituo cha mafuta. Onyo kubwa la Papa Bahati lilikuwa moja: gari-nyumba likiwa na gari nyuma, usirudi kinyumenyume hata hatua moja, utavunja mtaimbo. Baba Mwende aliingia vizuri, akajaza, kisha lori la vinywaji likaja likasimama mbele yetu na dereva wake akaingia dukani. Kushoto nguzo, kulia ukuta. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, na foleni ikaanza kujipanga.

Zamani ningekaa ndani nikaomba. Nilishuka. Nikavuta pini mbili, nikachomoa nyaya, nikaingia kwenye gari dogo, nikawasha. Likazima. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga honi. Nikawasha tena, nikasikiliza injini, nikaachia klachi taratibu, foleni ikanipisha, nikarudi nyuma hadi kando ya duka, mahali palipo wazi. Baba Mwende akarudisha lile kubwa akifuata ishara za mkono wangu. Tulipolifunga tena alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Yule dereva wa lori alitoka na kahawa yake, akatupungia mkono, hajui chochote.

Hapa kambini tumeshapanga kila kitu. Insulini iko kwenye friji. Nimeiangalia mara tatu, naye ameangalia mara moja, akaniambia sasa tuipe friji nafasi ya kupumua. Kisha nikachukua ufunguo wa gari dogo nikaenda mjini kununua maziwa, peke yangu, barabara ya kupinda na kupanda. Kwenye taa za mlimani gari moja lilisimama nyuma yangu, karibu mno. Taa zikageuka kijani. Nikaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Hakuna aliyeniona, lakini nilipiga makofi kidogo juu ya usukani.

Nilipomsimulia, Baba Mwende alisikiliza kama mwalimu aliyepewa matokeo ya mtihani. Halafu akasema, "Kesho uendeshe hili kubwa."

Nilikataa papo hapo. Nikamwambia dogo linatosha, na pesa tuliyoimaliza ilikuwa ya dogo. Akaniuliza swali moja tu: akiugua tukiwa tunatembea, barabarani, nani atalisimamisha?

Nimekaa hapa nalitazama kutoka ndani, urefu wake wote, na ule usukani mpana kama sinia.

Lakini nimemwambia ndiyo. Kesho baada ya chai, uwanja wa kambi ukiwa bado mtupu, bila gari nyuma. Nimemwomba jambo moja, kwamba nikikosea anigombeze sawasawa, asinionee huruma. Amesema atajitahidi.